Kupanga Upya Msimbo wa Afya: Kutoka Mosoriot hadi Kakamega

Katika vituo vingi vya afya vya umma vya magharibi mwa Kenya, vikiwemo vya Kaunti ya Kakamega ambayo sensa ya mwaka wa 2019 iliikuta na wakazi zaidi ya milioni 1.8, rekodi za wagonjwa wanaotumia ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, huwekwa katika mfumo wa kompyuta uitwao KenyaEMR. Afisa wa kliniki anayejaza fomu kwenye skrini huona sehemu ndogo tu ya mfumo huo, kwa kuwa kazi kubwa hufanyika nyuma ya pazia, kwenye seva, ambayo ni kompyuta inayopokea maombi ya kompyuta nyingine, kuyapima kwa kanuni ilizopewa, kuhifadhi data na kurudisha majibu. Kanuni hizo huandikwa na binadamu katika lugha ya programu kabla ya kugeuzwa kuwa maagizo ambayo mashine inayatekeleza, na maandishi hayo ndiyo huitwa msimbo chanzo. Msimbo wa upande wa seva una sifa moja ambayo mgonjwa haioni wala mhudumu haioni, lakini ndiyo huamua kama mfumo utadumu miaka ishirini au utakwama pindi aliyeuandika atakapoondoka, nayo ni urahisi wa kusomwa, kueleweka na kubadilishwa bila kuvuruga kilichokuwa kikifanya kazi.

Sifa hiyo inaweza kuitwa utunzikaji, na kiwango cha kimataifa cha ubora wa programu, ISO/IEC 25010, kinaihesabu kuwa miongoni mwa sifa kuu za programu yoyote, sambamba na usalama na kutegemeka. Sababu yake ilielezwa mapema na Meir Lehman, mtaalamu aliyefanya utafiti wake katika Imperial College, London, ambaye tangu mwaka wa 1974 alianza kuunda kanuni za mabadiliko ya programu. Kanuni ya kwanza yasema kwamba programu inayotumika katika shughuli halisi za watu ni lazima ibadilishwe daima, la sivyo manufaa yake yatazidi kupungua. Ya pili yasema kwamba kila inapobadilishwa, mchangamano wake huongezeka isipokuwa kazi mahususi ifanywe ya kuupunguza. Kazi hiyo mahususi, ambayo haiongezi huduma mpya hata moja lakini bila yake huduma mpya huzidi kuwa ghali, ndiyo upangaji upya wa msimbo.

Kanda hii ina ushahidi wa karibu wa jambo hilo. Mwezi wa Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kilichoko katika Kaunti ya Nandi ya sasa, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilishirikiana kuanzisha mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access, programu ya kuundia hifadhidata ndogo ndogo za ofisi. Mfumo huo uliifanya kazi uliyokusudiwa, na ilikuwa hatua kubwa kwa kituo cha mashambani. Hata hivyo, matibabu ya ukimwi yalipoanza kupanuka chini ya AMPATH, mpango wa ushirikiano huo huo, idadi ya wagonjwa, vituo na maswali ya kitabibu ilikua hadi ikazidi uwezo wa muundo ule. Mwaka wa 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, wa Taasisi ya Regenstrief iliyoko Indianapolis, walifikia uamuzi wa kuujenga msingi mpya badala ya kuendelea kuutia viraka ule wa zamani, na kutokana na uamuzi huo ukazaliwa mfumo wa OpenMRS, ulioanza kutumika Eldoret Februari 2006. KenyaEMR, ambayo usambazaji wake katika vituo vya serikali ulianza mwaka wa 2012, imejengwa juu ya OpenMRS hiyo hiyo.

Jambo lililoupa OpenMRS uhai mrefu ni uamuzi wa kimuundo unaofaa kuangaliwa kwa makini. Katika hifadhidata ya kawaida, data hupangwa katika majedwali, na kila swali jipya, kwa mfano uzito wa mgonjwa au matokeo ya kipimo cha damu, huhitaji safu yake katika jedwali, hivyo kila daktari anapotaka kuuliza jambo jipya ni lazima mtaalamu abadilishe muundo wa hifadhidata pamoja na msimbo wote unaoitegemea. OpenMRS iliyatoa maswali yenyewe nje ya muundo na kuyaweka katika kamusi ya dhana, ambamo kila dhana ina nambari yake, na majibu yote huingia katika jedwali moja la uchunguzi linalotaja mgonjwa, dhana, thamani na wakati. Katika kamusi inayotumiwa na KenyaEMR, uzito kwa kilo ni dhana ya 5089 na idadi ya seli za CD4, ambazo ni seli za kinga zinazoshambuliwa na virusi vya ukimwi, ni dhana ya 5497. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa swali jipya huongezwa kama data bila msimbo kuguswa.

Hata hivyo suluhisho hilo lilizaa hatari yake. Msomaji anayekutana na nambari 5497 katikati ya faili lenye mistari mia nane hana njia ya kujua kama ni dhana, ni kipimo au ni kitambulisho cha kituo, na nambari hiyo ikiandikwa katika mafaili arobaini, kosa la kugeuza tarakimu mbili katika faili moja halitagunduliwa na mashine, kwa sababu kwa mashine 5479 ni nambari halali kama ilivyo 5497. Waandishi wa KenyaEMR walilitatua tatizo hilo kwa kukusanya nambari za dhana katika faili moja la kamusi, ambamo kila nambari hupewa jina linalosomeka, na msimbo uliobaki ukaweza kutaja jina badala ya nambari. Programu haikufanya jambo jipya hata moja kutokana na badiliko la namna hiyo, lakini msimbo unaotaja CD4 kwa jina lake unaweza kusomwa hata na daktari asiye mtaalamu wa programu, na hilo lina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu makosa mengi mabaya ya mifumo ya afya ni ya kitabibu kabla ya kuwa ya kompyuta.

Tatizo zito zaidi ni la kanuni iliyotawanyika. Kwa miaka mingi mgonjwa alianzishiwa ARV kwa kuzingatia idadi ya seli zake za CD4 katika milimita moja ya ujazo ya damu, na kiwango hicho kilikuwa kikihama: Shirika la Afya Duniani lilikiinua kutoka 200 hadi 350 mwaka wa 2010, likakifikisha 500 mwaka wa 2013, kisha mwaka wa 2015 likakiondoa kabisa na kuagiza kila mwenye virusi atibiwe. Kenya ilifuata kwa miongozo yake ya mwaka wa 2011, 2014 na 2016. Ikiwa mwandishi wa programu ameandika `cd4 < 350` katika ukurasa unaomwonya mhudumu, akaiandika tena katika ripoti ya kila mwezi, na mwenzake akaiandika mara ya tatu katika orodha ya wagonjwa wa kufuatiliwa, basi kila mwongozo mpya unapotoka mahali pote patatu ni lazima pakumbukwe na kubadilishwa kwa pamoja. Pakisahaulika hata mahali pamoja tu, mfumo utamwambia mhudumu kwamba mgonjwa anastahili dawa na wakati huo huo utaiarifu wizara kwamba hastahili, wala hakuna tahadhari itakayolia, kwa kuwa kila sehemu inafanya sawasawa kile ilichoandikiwa.

Mfano huo una kasoro nyingine iliyojificha katika alama moja tu. Mwongozo wa mwaka wa 2010 ulisema seli 350 au chini ya hapo, ilhali alama `<` humaanisha chini ya 350 pekee, na anayetaka kuijumuisha 350 yenyewe ni lazima aandike `<=`. Mgonjwa mwenye seli 350 kamili ataachwa nje na sehemu moja ya programu na kukubaliwa na nyingine, kutegemea nani aliandika wapi. Kanuni inapokaa mahali pamoja, penye jina lake, kosa kama hilo huonekana mara moja na kusahihishwa mara moja. Inapotawanyika, husahihishwa palipoonekana na kubaki palipojificha. Ndiyo sababu inafaa kusifiwa kwamba hesabu ya nani anastahili kuanza ARV iliwekwa katika KenyaEMR kama kitengo kinachojitegemea, ambacho sehemu nyingine hukiuliza badala ya kujikokotolea zenyewe. Msingi wa mpangilio huo uliwekwa na David Parnas mwaka wa 1972 alipopendekeza kwamba programu igawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila uamuzi ukifichwa ndani ya moduli yake, yaani kipande cha programu ambacho vipande vingine hukijua kwa huduma kinayotoa tu bila kujua kinavyoitoa.

Sekta ya bima inatoa mfano mwingine, ambao unahitaji maneno machache. Chini ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, mchango wa mfanyakazi wa kuajiriwa ulisomwa kwenye jedwali la madaraja, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700 kwa mwezi, lakini tangu Oktoba 2024, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato. Badiliko hilo halikuwa la nambari pekee, kwa maana jedwali liligeuka kuwa hesabu ya asilimia, na programu ya mishahara iliyokuwa imesambaza madaraja yake kila mahali haingeweza kusahihishwa kwa kutafuta na kubadilisha tarakimu.

Kuyapata matatizo ya aina hii kabla hayajaleta madhara ni kazi yenye mbinu zake. Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka wa 1999 kuhusu upangaji upya, alieneza neno la mwenzake Kent Beck, harufu ya msimbo, kwa maana ya dalili ya nje inayomfanya msomaji mzoefu ashuku kwamba ndani kuna tatizo, ingawa dalili yenyewe si kosa. Kitendakazi, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina ili kifanye kazi moja, kikirefuka hadi mistari mia tano, kuna uwezekano mkubwa kwamba kinafanya kazi nyingi. Moduli mbili zikitegemeana kila upande, hakuna inayoweza kujaribiwa peke yake. Harufu iliyo mbaya kuliko zote katika msimbo wa seva, kwa mizani ya madhara, ni kosa linalomezwa kimya: programu inashindwa kuhifadhi tokeo la maabara, msimbo unaupokea ule ujumbe wa kushindwa na kuutupa, kisha skrini inaandika kwamba kazi imekamilika. Kitendakazi kirefu humchosha mtunzaji, lakini kosa lililomezwa humdanganya daktari, kwa hiyo ukaguzi wowote wa msimbo wa afya ungefaa kuanzia hapo.

Zipo zana zinazosaidia. Mwaka wa 1976 Thomas McCabe alibuni kipimo kinachohesabu njia huru zilizomo ndani ya kitendakazi, ambacho huongezeka kwa kila sharti na kila marudio, na akapendekeza kwamba kikizidi 10 mwandishi ajiulize kama hapaswi kukigawa kitendakazi hicho. Programu za ukaguzi kama SonarQube na PMD hukokotoa kipimo hicho na kubaini pia vipande vilivyonakiliwa. Zana hizo hazijui maana, kwa hiyo haziwezi kutambua kwamba 350 ya faili moja na 350 ya faili jingine ni kanuni ile ile ya tiba na kwamba 350 ya tatu ni upana wa dirisha kwenye skrini. Ushahidi bora zaidi hupatikana kwa kuunganisha kipimo cha mchangamano na historia ya msimbo iliyohifadhiwa katika Git, mfumo unaoweka kumbukumbu ya kila badiliko, aliyelifanya na tarehe yake. Faili lililo changamani na ambalo pia limebadilishwa mara kwa mara katika mwaka uliopita ndilo linalostahili nguvu za watu, ilhali faili baya ambalo halijaguswa kwa miaka sita na linafanya kazi yake linaweza kuachwa lilivyo. Uamuzi huo huwaudhi wapenda usafi, lakini kaunti haina watu wa kutosha wa kusafisha kila kitu, na kila badiliko lina hatari yake.

Upangaji upya, kwa maana kamili ambayo William Opdyke aliishughulikia katika tasnifu yake ya mwaka wa 1992, ni kubadilisha muundo wa ndani wa programu huku tabia yake inayoonekana kwa nje ikibaki vile vile. Sharti hilo la pili ndilo husahaulika. Mtu anayeigawa moduli na papo hapo kuongeza fomu mpya hafanyi upangaji upya, kwa sababu matokeo yakibadilika hataweza kusema kama yamebadilika kwa kukusudia au kwa bahati mbaya. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla msimbo haujaguswa, ni kuandika majaribio ya kiotomatiki yanayonasa jinsi programu inavyotenda sasa, hata kama inatenda vibaya: mgonjwa wa kubuni mwenye seli 349, mwingine 350, mwingine 351, mtoto wa miezi kumi na minane, mama mjamzito, mgonjwa asiye na kipimo chochote, na jibu ambalo programu inatoa leo kwa kila mmoja. Michael Feathers, katika kitabu chake cha mwaka wa 2004, alifikia hatua ya kuuita msimbo wowote usio na majaribio kuwa msimbo wa urithi, hata kama umeandikwa jana.

Majaribio yakiwa tayari, kazi hufuata kwa hatua ndogo ndogo. Kipande kinachopima seli hutolewa ndani ya ukurasa wa onyo na kupewa jina, majaribio yakaendeshwa. Ripoti ya mwezi ikaelekezwa kukiita kipande hicho, majaribio yakaendeshwa tena. Mwishowe orodha ya ufuatiliaji nayo ikafanyiwa hivyo. Endapo katika safari hiyo itagunduliwa kwamba ripoti ilitumia `<` na onyo likatumia `<=`, mtunzaji mwangalifu hatachagua mwenyewe lililo sahihi na kuendelea, bali atasimama, atawauliza wahudumu wa kliniki, na atalisahihisha kosa hilo kama badiliko la peke yake lenye maelezo yake katika historia, ili miaka mitatu baadaye mtu anayejiuliza kwa nini idadi ya wagonjwa kwenye ripoti ilipanda ghafla apate jibu.

Upande wa seva una ugumu ambao kurasa za skrini hazina, nao ni kwamba data hubaki hata msimbo unapobadilishwa. KenyaEMR kwa kawaida imewekwa kwenye seva iliyo ndani ya kituo chenyewe, hivyo toleo jipya halifiki vituo vya Kakamega kama vya Malava, Butere na Navakholo kwa wakati mmoja, na hifadhidata ya kituo kimoja inaweza kuwa nyuma ya nyingine kwa miezi. OpenMRS hutumia Liquibase, zana inayoyaandika mabadiliko ya majedwali kama orodha yenye mpangilio, ikakumbuka katika kila hifadhidata ni yapi yamekwisha kufanyika, ili seva iliyochelewa ipitie hatua zote kwa zamu. Kubadilisha jina la safu moja, jambo ambalo mgeni hulidhania la dakika mbili, hufanywa kwa usalama kwa kuongeza safu mpya kwanza, kuandika katika zote mbili kwa kipindi, kuhamisha data ya zamani, kuhamisha ripoti zote, na kuiondoa safu ya zamani katika toleo la baadaye kabisa.

Ward Cunningham mwaka wa 1992 aliyafananisha mapengo yanayoachwa katika msimbo na deni ambalo riba yake hulipwa kila mara mtu anapougusa msimbo huo. Katika mifumo ya afya ya Kenya riba hiyo hulipwa na mtu ambaye hakukopa, kwa kuwa mifumo mingi ilijengwa kwa miradi ya wafadhili yenye tarehe ya kwisha. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ukiwemo mfuko wa PEPFAR uliokuwa umebeba sehemu kubwa ya huduma za ukimwi na mifumo yake ya data, lilijitokeza wazi swali la nani atautunza msimbo waandishi wake wakiondoka. Leseni ya OpenMRS inamruhusu yeyote kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuutumia, kwa hiyo kisheria hakuna kinachomzuia mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichoko mjini Kakamega, kuushika usukani. Ruhusa hiyo ina thamani pale tu msimbo unaposomeka, na mitaala ya kompyuta, ambayo kwa kawaida humtaka mwanafunzi aandike programu mpya kila muhula, ingefaa impe pia programu ya zamani iliyoandikwa na watu asiowajua, imtake aielewe, aandike majaribio yake na aipange upya bila kubadilisha jibu lake hata moja.

Mwanafunzi wa namna hiyo angekutana mapema na swali ambalo mwongozo wa mwaka wa 2016 uliliacha katika kila mfumo wa ukimwi nchini, nalo ni nini cha kufanya na kanuni ya CD4 baada ya kiwango chenyewe kuondolewa. Jibu la haraka ni kuufuta msimbo wake, kwa kuwa msimbo usiotumika ni mzigo. Hata hivyo mgonjwa aliyesajiliwa mwaka wa 2012 akiwa na seli 420 hakupewa dawa siku ile, na mtafiti anayechunguza rekodi zake leo atamwona kama aliyetelekezwa, ilhali wahudumu walifuata mwongozo uliokuwepo. Kanuni hiyo basi huhamishwa kutoka sehemu inayoamua tiba ya leo na kuwekwa katika sehemu inayosoma ya zamani, kila kiwango kikiwa na tarehe ya kuanza na ya kwisha, na programu huulizwa si kama mgonjwa anastahili bali kama alistahili siku fulani. OpenMRS yenyewe hufuata mantiki hiyo katika data, kwa kuwa tangu toleo la 2.0 uchunguzi ukisahihishwa, ule wa awali haufutwi bali hutiwa alama ya kubatilishwa na mpya huandikwa kando yake, hivyo anayeichambua rekodi anaweza kuona kilichojulikana wakati daktari alipofanya uamuzi wake na kilichokuja kujulikana baadaye.